Farenhaiti na Selsiasi: njia ipi ya kubadilisha itumike wapi

Homa ya 104°F ukiibadilisha kwa ile njia ya haraka inayojulikana sana, toa 30 kisha gawanya kwa 2, unapata 37. Yaani mgonjwa mwenye homa kali ameandikwa kuwa mzima, kwa sababu jibu sahihi ni 40°C. Njia hiyohiyo ukiitumia kwenye utabiri wa hali ya hewa unaosema 50°F inakupa 10°C, na hapo haijakosea hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia ipi ni nyepesi, uliza kwanza kazi yako inavumilia kosa la digrii ngapi. Kuamua kama utabeba sweta kunavumilia digrii tatu au nne. Oveni inavumilia tano hivi, maana yenyewe hupanda na kushuka muda wote inapowaka. Kupima homa hakuvumilii hata nusu digrii. Ukishajua hilo, kuchagua njia ni kazi ndogo.

Kwa nini hesabu hii inasumbua

Kati ya maji kuganda na maji kuchemka kwenye usawa wa bahari, Selsiasi ina hatua 100, kutoka 0 hadi 100. Farenhaiti ina hatua 180, kutoka 32 hadi 212. Hapo kuna tofauti mbili kwa pamoja: hatua hazilingani ukubwa (1°C ni sawa na hatua 1.8 za Farenhaiti, yaani 9/5), na sifuri zake haziko mahali pamoja. Kubadilisha kilo kuwa gramu ni kuzidisha tu. Hapa lazima uzidishe na pia usogeze mwanzo, na karibu makosa yote hutokana na kufanya moja kati ya hayo mawili mahali pasipo pake.

Vipimo hivi vilizaliwa mbalimbali. Daniel Gabriel Fahrenheit alitangaza chake mwaka 1724. Anders Celsius alitoa chake mwaka 1742, na mwanzoni kilisomwa kinyume, 0 ikiwa ni kuchemka na 100 kuganda. Kiligeuzwa baadaye kikawa kama tunavyokijua leo.

Fomula kamili

Kutoka Farenhaiti kwenda Selsiasi: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti: zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, jumlisha 32. Haina kosa lolote, na ukiwa na karatasi au kikokotoo hakuna sababu ya kutumia nyingine.

Udhaifu wake ni mpangilio. Kwenda upande mmoja, 32 inatangulia. Kurudi, 32 inakuja mwisho. Mtu asiyeitumia kila siku huchanganya. Pia simu nyingi zina kikokotoo kinachotanguliza kuzidisha kabla ya kutoa. Ukiandika 100 − 32 × 5 ÷ 9 mfululizo, kinakupa 82.2, wakati jibu sahihi ni 37.8. Dawa yake ni kubonyeza alama ya sawasawa baada ya kutoa 32, au kuweka mabano: (100 − 32) × 5 ÷ 9.

Kosa la pili ni kubadilishana 5/9 na 9/5. Hili mara nyingi hugundulika kwa kutazama tu: juu ya −40, namba ya Farenhaiti siku zote ni kubwa kuliko ya Selsiasi. Ukitoka Farenhaiti ukaishia na namba kubwa zaidi, umegeuza sehemu.

Mara mbili na 30

Selsiasi zidisha kwa 2, jumlisha 30. Kurudi, toa 30, gawanya kwa 2. Ni njia ya kichwani kabisa, ndiyo maana inapendwa. Lakini watu huisambaza bila kusema inafika wapi, na hapo ndipo tunapoilaumu. Tazama inavyoachana na ukweli:

| Selsiasi | Farenhaiti sahihi | Mara mbili na 30 | Kosa |
|---|---|---|---|
| −10 | 14 | 10 | −4 |
| 0 | 32 | 30 | −2 |
| 10 | 50 | 50 | 0 |
| 20 | 68 | 70 | +2 |
| 30 | 86 | 90 | +4 |
| 37 | 98.6 | 104 | +5.4 |
| 40 | 104 | 110 | +6 |
| 100 | 212 | 230 | +18 |
| 180 | 356 | 390 | +34 |

Kosa lina utaratibu wake: kutoka 10°C, kila digrii 5 za Selsiasi unazopanda huongeza kosa la digrii moja ya Farenhaiti. Kati ya 0 na 25°C hutakosea zaidi ya digrii 3 za Farenhaiti, kosa lisilobadilisha uamuzi wa kubeba sweta. Itumie hapo, kwa hali ya hewa tu. Kwa homa ni hatari, na kwa oveni ni hasara.

Mara mbili kasoro sehemu ya kumi

Hii inastahili kujulikana zaidi ya ile iliyotangulia, kwa sababu ni hesabu ya kichwani na jibu lake ni kamili. Inatumia ukweli kwamba 1.8 ni 2 kasoro sehemu yake ya kumi.

Chukua 37°C. Mara mbili ni 74. Sehemu ya kumi ya 74 ni 7.4, itoe, unabaki na 66.6. Jumlisha 32: 98.6°F. Hakuna kukadiria popote.

Kurudi kunahitaji uangalifu zaidi. Toa 32, chukua nusu, kisha ongeza sehemu ya tisa ya hiyo nusu. Kwa 104°F: 104 − 32 ni 72, nusu ni 36, sehemu ya tisa ya 36 ni 4, jumla 40. Kugawanya kwa 9 kichwani kukikushinda, ongeza sehemu ya kumi badala ya ya tisa, halafu sehemu ya kumi ya hiyo tena: 36 + 3.6 + 0.36 ni 39.96. Ukiishia kwenye sehemu ya kumi ya kwanza tu, jibu linapungua kwa asilimia moja. Kwa hali ya hewa hiyo si kitu, kwa oveni ni digrii mbili hivi.

Mtego uko kwenye namba hasi. Kwa −25°C, mara mbili ni −50, na kupunguza sehemu ya kumi maana yake ni kusogea kuelekea sifuri: −45, si −55. Jumlisha 32, unapata −13°F. Wengi huteleza hapo wakaandika −23.

Njia ya 40

Kwenye −40 vipimo viwili vinakutana: −40°C ndiyo −40°F. Ukihesabu kutoka hapo, ile tofauti ya mahali pa kuanzia inatoweka na inabaki kuzidisha peke yake. Kwa hiyo:

1. Jumlisha 40.
2. Zidisha kwa 5/9 ukielekea Selsiasi, au kwa 9/5 ukielekea Farenhaiti.
3. Toa 40.

Hatua ya kwanza na ya tatu hazibadiliki, uende uendako. Hicho ndicho inachoishinda fomula ya kawaida: hakuna kujiuliza kama 32 inatangulia au inafuata, kama inajumlishwa au inatolewa. Kwa mfano, nyama ya kuku inayotakiwa kufika 165°F ndani: 165 + 40 ni 205; 205 × 5 ni 1,025; gawanya kwa 9, unapata 113.9, toa 40, inabaki 73.9. Ndiyo maana maelekezo ya Selsiasi husema 74°C. Kwa baridi kali nayo ni safi: −25°C jumlisha 40 ni 15, mara 9/5 ni 27, toa 40 ni −13°F. Umezidisha namba chanya, na alama ya kutoa haikupata nafasi ya kukuchanganya.

Kama utajifunza njia moja tu kwa moyo, sisi tunapendekeza hii. Upungufu wake ni kwamba namba hukua kidogo katikati ya hesabu, hivyo kichwani ni nzito kuliko ile ya sehemu ya kumi pale unapotoka Selsiasi kwenda Farenhaiti. Kurudi kutoka Farenhaiti, zinakaribiana.

Kukariri ngazi

Kila 5°C ni 9°F kamili. Ukianzia 0 na 32, unapanda hivi: 5 ni 41, 10 ni 50, 15 ni 59, 20 ni 68, 25 ni 77, 30 ni 86, 35 ni 95, 40 ni 104. Namba tisa tu, zote kamili, zinakutosha kwa hali ya hewa ya sehemu nyingi duniani. Zilizo katikati, ongeza 2 kwa kila digrii ya Selsiasi: 22°C ni 68 na 4, yaani karibu 72 (sahihi ni 71.6). Kuna na jozi mbili zinazokaa kichwani zenyewe kwa sababu tarakimu zinageuzwa tu: 16°C ni karibu 61°F, na 28°C ni karibu 82°F.

Anayesikiliza taarifa za hali ya hewa za Marekani kila siku atafaidika na ngazi kuliko hesabu yoyote. Baada ya muda habadilishi tena. Akisikia 86 anajua ni joto la 30.

Sasa, kazi kwa kazi

*Homa.* Usibadilishe kichwani. Vipimajoto vingi vya dijitali vinaweza kuonyesha vyote viwili: kwa vingine unashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, vingine vina swichi ndogo nyuma au kwenye kifuniko cha betri. Badilisha kwenye kifaa. Ikishindikana, kuwa na orodha fupi iliyoandikwa: 37 ni 98.6, 37.5 ni 99.5, 38 ni 100.4, 38.5 ni 101.3; 39 ni 102.2, 39.5 ni 103.1, 40 ni 104. Iliyo muhimu zaidi ni 38 na 100.4, kwa sababu hapo ndipo wahudumu wengi wa afya huanza kuita joto hilo homa, na mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika hapo hupelekwa kwa daktari bila kusubiri. Anayezungusha 100.4 ikawa 100 ameshusha mpaka hadi 37.8.

Kinyume chake pia kina kasoro. Namba 98.6 inaonekana kana kwamba imepimwa kwa sehemu ya kumi ya digrii, kumbe ni 37 iliyobadilishwa. Hiyo 37 ilienezwa na daktari Mjerumani Carl Wunderlich mwaka 1868 kama wastani wa joto la mwili, na mwili wa mtu mzima mwenye afya hupanda na kushuka kuizunguka kwa saa za siku. Mwenye 98.1°F hana upungufu wowote.

Ukikuta namba haina herufi, yenyewe hujitaja: kati ya 34 na 42 ni Selsiasi, kati ya 93 na 108 ni Farenhaiti. Kwenye mwili hazigongani kamwe.

*Oveni.* Hapa kuna njia ya mkato bora kuliko zote, na ajabu ni kwamba haina kutoa wala kujumlisha: gawanya Farenhaiti kwa 2, basi. Kwenye 320°F inatoa 160, jibu kamili. Kwenye 300 inatoa 150 (sahihi 148.9), kwenye 350 inatoa 175 (sahihi 176.7), kwenye 400 inatoa 200 (sahihi 204.4). Ile tofauti ya 32 na ile ya hatua kutolingana zinafutana katika eneo hili. Ukivuka 410 kosa linapita digrii 5, kwa hiyo ongeza kidogo: 450 weka 230. Linganisha na toa-30-gawa-2: kwa 350 ingekupa 160, pungufu ya digrii 17, na keki ikatoka imepauka huku katikati ikiwa bado mbichi.

Usihangaike kutafuta 177 kwenye oveni yenye alama za kumi kumi. Mwandishi wa mapishi aliyeandika 350 aliandika namba ya kuzunguka. 175 au 180 ni sawa. Angalia badala yake kama mapishi yanataja oveni ya feni. Maelekezo ya Selsiasi kwa kawaida husema punguza 20, ya Farenhaiti husema punguza 25. Ukiyachanganya ukapunguza 20 kwenye namba ya Farenhaiti, umepunguza 11°C tu.

Namba bila herufi huku ni tatizo la kweli. Zaidi ya 300 ni Farenhaiti karibu kwa uhakika, kwa kuwa oveni nyingi za nyumbani huishia 250 hadi 275°C. Lakini 200 inaweza kuwa yoyote: 200°F ni 93°C, joto la kukausha polepole, na 200°C ni 392°F, la kuchoma. Soma muda uliotajwa. Dakika 30 kwa biskuti au mkate haziwezi kuwa 200°F.

*Jokofu na friza.* Namba mbili zinatosha, usihesabu: jokofu 40°F ni 4°C, friza 0°F ni −18°C. Kosa la kuogopa ni hiyo 0. Mwongozo wa mtambo uliotengenezewa soko la Marekani ukisema friza ikae 0, nawe kifaa chako kikasoma Selsiasi, ukiweka 0 chakula hakitakaa kimeganda sawasawa. Tofauti ni digrii 18 za Selsiasi nzima.

*Hali ya hewa.* Ngazi, au mara mbili na 30. Ukishapita 25°C rudi kwenye ngazi.

Tofauti ya joto si joto

Hapa hata wanaojua fomula vizuri huanguka. Taarifa inasema joto litapanda kwa 2°C. Anayeingiza 2 kwenye fomula anapata 35.6, na anaandika kuwa joto litapanda kwa 35.6°F. Kinachozungumzwa ni ukubwa wa hatua, si mahali kwenye kipimo, hivyo 32 haihusiki kabisa. Zidisha kwa 1.8 tu: 3.6°F. Kurudi, gawanya kwa 1.8, kushuka kwa 9°F ni kushuka kwa 5°C. Maneno ya kukushtua ni "kwa", "zaidi ya kawaida", "punguza", "ongeza", "kosa la kifaa ± ...". Ukiyaona, weka 32 pembeni. Programu za kubadilisha haziwezi kukuokoa, kwani hazijui kama 2 uliyoiandika ni joto au ni tofauti.

Kuzungusha namba

Zungusha mara moja, mwishoni. 71°F ni 21.67°C, ukiandika 22, kisha mwenzako akairudisha, anapata 71.6 na kuandika 72. Hakuna aliyekosea hesabu, ila rekodi imeshasogea digrii moja. Wanaotunza kumbukumbu wahifadhi namba kama ilivyosomwa kwenye kifaa, na herufi yake, kisha waweke iliyobadilishwa kwenye safu ya pembeni.

Namba zikiwa nyingi

Kwenye Excel au Google Sheets una njia mbili: =(A2-32)*5/9, au =CONVERT(A2,"F","C"). Ya pili inataka herufi kubwa, na haikubali seli yenye alama ya digrii ndani yake, kwani hiyo inasomwa kama maandishi. Ya kwanza inaharibika mabano yakisahauliwa. Wanaoandika programu kwa C au Java wana mtego wao: 5/9 ikihesabiwa kwanza kwa namba kamili ni 0, hivyo kila jibu linakuwa 0, na 9/5 ni 1, hivyo 37°C inatoka 69. Andika 5.0/9.0.

Kabla ya kuiamini safu nzima, pitisha namba tatu: −40, 32 na 212. Majibu yawe −40, 0 na 100. Kujaribu 32 peke yake hakutoshi, maana ukishatoa 32 unabaki na sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa 9/5 badala ya 5/9 inabaki sifuri. Fomula mbovu inapita. Ikifika 212 inatoa 324, na kosa linaonekana.